Mfereji wa Bati

Zamani nilikuwa nikizunguka.
Kila asubuhi kabla ya paredi, simu mkononi,
mlango kwa mlango: Lira, Moroto, Kasese,
kwa kila mkutubi niliyesikia kwamba huandika.
Hodi, pana jipya? Hakuna.
Hodi, pana jipya? Lile la mwezi jana.
Kengele hailii, bando limekwisha,
shilingi mia tano zimeteketea kwa hodi.

Ni Drani, fundi aliyekuja kutufungia tangi,
ndiye aliyenicheka.
"Ayikoru, nani hufuata mvua kwa ndoo
nyumba kwa nyumba? Funga mfereji."
Akajifuta mikono kwenye ovaroli,
akanitilia simuni programu moja ndogo,
haina rangi wala kelele.
Unaiambia mara moja tu: huyu, na huyu, na yule,
kisha unakwenda zako kupanga viti.

Sasa saa kumi na mbili na nusu,
Arua ingali inanuka moshi wa mandazi,
nafungua, nao wameshafika.
Ogwal wa Lira: gundi ya unga wa muhogo,
tia chumvi, mende wasiule mgongo wa kitabu.
Nakut wa Moroto ahesabu vitabu vilivyoazimwa
kwa vifuniko vya soda,
maana daftari lililiwa na mbuzi
(ameweka na picha ya mbuzi).
Na bwana mmoja wa nchi ya theluji
analalamika kwamba maktaba yake ina viti vya sponji
na watoto hawaji.
Mimi nina viti kumi na kimoja.
Watoto sitini na wawili.
Nilitaka kumcheka, nikashindwa.

Sikuanza na busara hiyo.
Mwanzo niliunga kila paa la dunia,
pipa likafurika: mia tatu na kumi hazijasomwa,
wauza rafu za vioo, wauza kozi,
watu wa kusema "vitabu ni hazina" kila Jumatatu
bila kutaja kitabu.
Nikakata. Nikakata tena.
Aliyesomea kupunguza rafu
asiogope kupunguza maneno.

Wamebaki tisa.
Wa tisa ni Kabugho wa Kasese,
na mbele ya jina lake hakuna namba
tangu Machi ya mwaka juzi.
La mwisho aliandika mto ulipoingia darasani:
jinsi ya kukausha kitabu kilicholowa,
usikifungue kwa pupa, kisimamishe,
gazeti kati ya kurasa, kamba, kivuli, subira.
Mwishoni: "Nitaendelea kesho."

Anguparu wa kidato cha pili,
anayenisaidia kupiga mihuri, aliuliza:
"Madamu, huyu mbona humfuti?"
Nikamwambia apige muhuri.

Jumanne usiku bati letu likavuja.
Si kidogo. Rafu nzima ya sayansi,
atlasi zimevimba kama mikate.
Wenzangu wakasema tuchome, tuandike ripoti.
Nikafungua mfereji uliokauka,
nikamsoma Kabugho kwa sauti, polepole,
na watoto sitini na wawili wakafunga kamba
kutoka dirisha hadi dirisha.
Siku nne tulipita tumeinama
chini ya mito na milima inayodondoka maji.
Tumeokoa arobaini na tatu.
Atlasi mbili zimekataa.

Leo nimeandika. Mara yangu ya kwanza.
Mistari michache: kamba, gazeti, kivuli,
jina la aliyenifundisha, na zile mbili zilizokataa.
Nimebonyeza.
Sijui paa gani litapokea, tangi la nani.
Kabugho, kama bado uko,
kama simu ilizama na wewe hukuzama,
sikiliza chini ya bati lako asubuhi:
tone.

Nimechelewa paredi. Anguparu ananipungia.